Kung'aa tu sio ushahidi
Wengine huuliza kama chembe ikitiwa Nile Red (rangi ya kutafutia plastiki ndogondogo) na kung'aa kwenye hadubini basi ni plastiki. Hapana, kung'aa hakutoshi, hasa kama ni vumbi la hewani ulilokung'uta kwenye majani. Ile rangi inashika mafuta mafuta yote, hata nta ya jani la mgomba inang'aa, na klorofili (kijani cha majani) inang'aa nyekundu yenyewe bila kutiwa kitu. Mi naloweka kwanza kwenye haidrojeni peroksaidi 30% na chumvi ya chuma kidogo ili mabaki ya mimea yaishe (taratibu, inapata moto yenyewe ikafurika) ndo nahakikisha kwa Raman, kipimo cha mwanga wa leza kinachotambua kitu kimetengenezwa na nini, inaona mpaka maikromita 1 hivi, FTIR ya hadubini (kipimo kama hicho ila cha mwanga wa infraredi) inakwama kwenye 10 hadi 20. Ila nyuzi za selulosi (za mimea, kama pamba) zinagoma kuyeyuka kwenye hiyo peroksaidi, hizo ndo zinadanganya watu.