Mji ukisogea, mkulima hupanda kulingana na muda aliobakiwa nao

Mleta mada ameuliza: kama kukua kwa mji kunaleta walaji karibu na shamba, kwa nini wakulima wa pembezoni wanaacha nafaka na miti ya matunda na kubaki na mboga za majani, na wengine wanaacha ardhi igeuke pori? Waliotangulia wamejibu kwamba mboga zinalipa, basi. Mimi nalima pembezoni mwa mji unaopanuka, kipande cha urithi na kingine cha kukodi, na naona jibu hilo limeishia nusu ya njia.

Hoja ya soko ni ya zamani. Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba kubwa kaskazini mwa Ujerumani, aliieleza mwaka 1826. Karibu kabisa na mji wakae wenye maziwa na mboga, maana vinaharibika haraka. Wafuate wenye misitu ya kuni, maana kuni ni nzito kusafirisha. Nafaka ziende mbele zaidi, na mwisho kabisa iwe mifugo, ambayo inajipeleka sokoni kwa miguu yake. Hesabu nzuri, ila mji wake ulikuwa umetulia mahali pamoja. Huu wetu unatembea. Mwaka 1967 mwanajiografia Robert Sinclair alionyesha kwamba mji ukiwa unapanuka, mpangilio ule unaweza kugeuka juu chini: ardhi iliyo karibu zaidi na mji ndiyo inayolimwa ovyo ovyo, kwa sababu mwenyewe anasubiri mnunuzi wa kiwanja.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, usiangalie bei sokoni, angalia mapengo kwenye bustani ya miti. Jirani yangu ana michungwa iliyopandwa kwa mistari mizuri. Zamani mti ukifa, msimu wa mvua haupiti bila mche mwingine kuingia kwenye shimo lile lile. Tangu wapima ardhi waanze kuonekana upande ule, mti ukikauka anaukata kuni na pengo linabaki. Hajauza, wala hajasema anauza. Lakini mchungwa uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, unataka miaka mitatu hivi kabla haujaanza kuzaa vizuri, kisha ndiyo ukulipe miaka mingi. Nani atazika hela ardhini kwa muda wote huo wakati kila wiki dalali anapiga simu? Uamuzi wa kuacha matunda ulishafanyika kimya kimya, miaka kabla ya tingatinga kufika.

Kwenye shamba la kukodi ndiyo usiseme. Mwenye eneo ananipa msimu kwa msimu, na sharti lake la kwanza ni kutopanda chochote cha kudumu, asije akasumbuliwa na madai ya fidia siku ya kuuza. Kwa hiyo napanda spinachi na figili, mazao ninayoweza kuyatoa ndani ya wiki chache. Zinalipa, sikatai. Ila hata zisingelipa hivyo, ningepanda nini kingine?

Mahindi nayo yana kisa chake, na hapa vitabu huwa vinapita haraka. Palizi inataka watu wengi kwa wakati mmoja, na vijana waliokuwa wanapalilia sasa wanabeba zege, wanalipwa jioni ile ile. Halafu mahindi yakifikia hatua ya kuchoma, shamba lililozungukwa na nyumba halilali salama. Unalinda usiku kucha, asubuhi unakuta mabua yamesimama matupu. Mboga za majani mwizi hazitamani sana, kazi ya kuchuma na kufunga mafungu ni kubwa kuliko anachopata.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kwamba mji hauli tu, unatoa pia. Wakulima wa mboga wa Paris katika karne ya 19 walivuna hata wakati wa baridi kwa sababu mji ulijaa farasi: samadi mbichi ilitandikwa chini ya udongo, joto lake likakuza saladi kabla ya majira. Magari yalipowaondoa farasi mitaani, samadi ile ikapotea. Treni nazo zilishaanza kuleta mboga kutoka kusini kwenye joto. Siku hizi kinachotoka mjini kwa wingi ni majitaka. Mashariki mwa Kolkata, India, kuna mabwawa ya samaki na mashamba ya mboga yanayoendeshwa kwa maji hayo, na eneo hilo limo tangu 2002 kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Ila tahadhari: maji ya aina hiyo yanaweza kubeba mayai ya minyoo, na yakichanganyika na ya viwandani, madini mazito pia. Kama ndiyo maji pekee uliyonayo, achana na mboga zinazoliwa mbichi.

Mbali na mji mambo ni tofauti, na huko hoja ya soko inasimama vizuri zaidi. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, mwaka 1950 watu wa mijini walikuwa karibu asilimia 30 ya dunia. 2018 walifika 55. Kipato kikipanda watu hula nyama, mayai na maziwa zaidi, kwa hiyo mkulima ambaye mji hata hauoni anajikuta analima mahindi na soya za kulisha kuku. Na malori ya baridi yamevunja ile miduara ya Thünen, mboga zinatoka mbali na kufika zikiwa mbichi.

Sasa kwa mleta mada, uliyesema una kipande pembezoni na hujui upande nini. Kabla ya kuuliza bei, uliza utakuwa na ardhi hiyo kwa muda gani, na kama ni ya kukodi, pata jibu kwa maandishi. Ukikosa uhakika wa kuzidi msimu mmoja, fikiria miche ya maua na miti ya kivuli kwenye viroba. Nyumba mpya zinaihitaji, na mwenye eneo akiuza unaipakia kwenye gari unahamia kwingine.