Jibu: Wateja kupoteza faili nodi moja inapozimika

Ndugu, umeuliza kwa nini kompyuta za ofisi yenu ya Upanga hupoteza faili za pamoja nodi (seva) moja ya klasta, yaani kundi la seva zinazotoa faili kwa pamoja, inapozimika, ilhali ya pili ipo hai. Kwa maelezo yako, anwani ya IP ambayo wateja (yaani kompyuta hizo) huitumia kufikia faili imefungwa kwenye poti (tundu la kebo ya mtandao) ya nodi moja tu. Inapaswa kuwa anwani inayohama, yenye poti mbadala kwenye nodi ya pili, na poti hiyo iwe katika VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa ndani ya swichi) ileile, kwani anwani ikihamia VLAN nyingine itaonekana ipo hewani huku hakuna mteja anayeifikia. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, likanikesha Kariakoo hadi adhana ya alfajiri.

Kebo mbili za kila nodi ziende kwenye swichi mbili tofauti za mtandao. Kama mmeweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, kwa baiti) 9000, iwe hivyo kwa mteja, swichi na nodi; jaribu ping (ujumbe wa kupima kama mashine inafikika) ya baiti 8972 iliyozuiwa kugawanywa, maana baiti 28 zilizobaki ni za vichwa vya IP na ICMP (itifaki inayotumiwa na ping). Kisha hamisheni anwani kwa mkono baada ya saa za kazi, faili kubwa ikiwa inanakiliwa, muone kama kunakili hakukatiki.