Udzungwa bila gari, na watoto?

SWALI: Za kazi dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 13, tuko Morogoro mjini. Likizo ya mwezi wa sita nataka niwapeleke hifadhi ya Udzungwa ila gari hatuna, na shemeji yangu anasema kule hamna twiga wala nini, ni miti tu, nitapoteza hela. Ni kweli?
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Nzuri sana mama. Hiyo ya gari isikunyime usingizi, Udzungwa watu wanatembea kwa miguu, anayekuja na V8 anaipaki getini anakaza kamba za viatu kama wewe. Panda basi la Ifakara pale Msamvu, likifika Mikumi linakata kushoto, linapita Kidatu kwenye mashamba ya miwa, mnashuka Mang'ula, ofisi za hifadhi ziko hapo hapo.

Twiga kweli usiwaahidi watoto, ila hiyo ya "miti tu" shemeji amekosea sana. Ule msitu ni wa zamani mno, unanyweshwa na upepo wa Bahari ya Hindi na umekaa umetengana na misitu mingine miaka na miaka, ndo maana una viumbe ambao hawapo kwingine kokote duniani. Kuna kima mmoja wa kijivu anaitwa ngolaga, wenyeji walikuwa wanamjua siku zote lakini watafiti wamekuja kumjua 1979, walikuwa wanafuatilia mbega wakasikia mlio wasioufahamu, mwenyeji aliyekuwa anawaongoza akawaambia huyo ni ngolaga, kesho yake wakapelekwa kijijini Sanje wakaonyeshwa mtoto wa ngolaga yatima anafugwa pale. Wahadithie wanao hii mkiwa kwenye basi, wakiusikia mlio wenyewe msituni watashtuka!

Mimi lakini siwachoki mbega wekundu. Kichwani ana nywele nyekundu kama kavaa kofia, anavuta tawi, anachuma zaidi majani machanga, na ukisimama kimya chini yake vijiti vinakudondokea begani.

Maporomoko ya Sanje yana mita kama 170, ni masaa manne hivi kwenda na kurudi na kuna kupanda haswa, kwa hiyo siku ya kwanza muombe mwongozaji awape njia fupi ya karibu na geti, mlale Mang'ula, Sanje muende kesho yake asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Huyo wa miaka 9 ataweza mkienda mdogo mdogo. Mwezi wa sita umechagua vizuri, masika imeisha, ila mizizi ina ukungu inateleza, vaeni raba zenye meno na soksi ndefu za kuchomekea suruali maana siafu wapo. Usisahau kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kiingilio cha raia ni nafuu sana kuliko cha mgeni.

Na huyo shemeji mchukue, akabebe maji.