Maswali ya wasomaji: mate yako na mifupa ya kale

SWALI: Mimi ni Msukuma kwa baba na kwa mama. Nililinganisha faili langu la vinasaba na watu wa kale, nikaambiwa nina asilimia 12 ya Luxmanda. Ina maana wazee wetu walitoka Babati? (Msomaji wa Nyakato, Mwanza)

JIBU: Hapana. Luxmanda ni mahali wilayani Babati palipochimbuliwa mabaki ya mtu wa jamii ya wafugaji aliyeishi miaka 3,100 hivi iliyopita. Vinasaba vyake vilitangazwa mwaka 2017, na karibu asilimia 38 inaelekea kwa wakulima wa kale wa nchi za Shamu. Programu imemweka asimame kwa niaba ya wafugaji wa zama zile waliotapakaa Kenya na Tanzania. Asilimia 12 yako inasema tu kwamba, kati ya vyanzo (makundi ya watu yanayodhaniwa kuchangia asili yako) vilivyowekwa kwenye hesabu, sehemu hiyo imemkaribia yeye kuliko wengine. Badilisha vyanzo, namba itahama. Basi soma kwanza orodha ya vyanzo, asilimia baadaye.

SWALI: Natumia mwenyewe qpAdm, programu ya kukadiria mchanganyiko wa asili za mtu. Vyanzo vyangu ni Yoruba, Dinka, Luxmanda, Mota na wakulima wa Shamu. Luxmanda amepata asilimia 58, Mota hasi 30! Nimekosea wapi? (Msomaji wa Ukerewe)

JIBU: Chukua unga wa ugali wa udaga na mtama uliokwisha kuchanganywa. Mtu akiuliza umetumia kiasi gani cha mchanganyiko huo, kiasi gani cha udaga na kiasi gani cha mtama, majibu ni mengi na yote yanatoshea. Ndivyo ulivyoiuliza kompyuta. Luxmanda tayari ana asili ya Shamu, na pia asili iliyo karibu na Mota, yule mtu wa pangoni Ethiopia wa miaka 4,500 iliyopita. Ukiwapanga wote watatu kama vyanzo, mmoja anapanda na mwenzake anashuka chini ya sifuri.

Bakiza vyanzo vitatu: Yoruba kwa asili ya Kibantu iliyotoka magharibi, Dinka kwa asili ya Kiniloti, na Luxmanda. Mota na Shamu wahamishie upande wa rejea, yaani watu wa kulinganishia tu, wasiohesabiwa kama vyanzo. Huko ndiko wanakosaidia kutenganisha vyanzo. Rejea ziwe nyingi kuliko vyanzo.

Kisha angalia p, namba inayoonyesha kama mchanganyiko unaendana na data: ikiwa chini ya 0.05, mchanganyiko huo umekataliwa. Halafu angalia kiwango cha makosa cha kila asilimia. Asilimia 9 yenye makosa ya 6 haijatofautiana na sifuri, usiitangaze kwenye kikao cha ukoo. Na p kubwa nayo isikulevye. Alama, yaani sehemu za vinasaba zinazosomwa na kulinganishwa, zikiwa chache, karibu kila mchanganyiko unapita, kama dagaa kwenye wavu wa sangara. Faili la kampuni huwa na alama kama 600,000, seti ya watu wa kale ina milioni 1.24, na zinazolingana ni pungufu ya zote mbili. Mfupa ulioharibika unaweza kubaki na makumi ya maelfu tu.

Kosa jingine tunaloliona mara kwa mara ni kuweka Shum Laka ya Cameroon kama babu wa Wabantu, kwa sababu pango lile liko katika eneo lao la asili. Watu wanne waliopimwa pale hawakuwa chimbuko kuu la Wabantu wa leo. Yoruba wa sasa wanafaa zaidi.

SWALI: Nikitema mate upya kwa ajili ya kipimo, alama zitaongezeka? (Msomaji wa Sengerema)

JIBU: Haziongezeki, idadi inaamuliwa na kipimo cha kampuni. Hakikisha faili ni la toleo la 37 la ramani ya vinasaba vya binadamu, na ondoa alama za A/T na C/G, kwa sababu ni rahisi kusomwa kinyume wakati wa kuunganisha mafaili.

SWALI: Kwa nini mifupa ya ukanda wetu wa ziwa ni michache? (Msomaji wa Bunda)

JIBU: Joto na unyevu huvunja vinasaba. Kinachostahimili zaidi ni ule mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, na mara nyingi fuvu lenyewe halipatikani. Hata hivyo lipo pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda, lenye watu wa miaka 3,900, 900 na 300 iliyopita. Unapotafuta asili ya wawindaji wa ukanda wa ziwa, mjaribu huyo wa 3,900 kabla ya kumkimbilia Mota.