Jibu: Mabosi wawili wananimaliza
Mkuu, umesema halmashauri ulikuwa unalala vizuri, ila tangu uhamie shirika la miradi una mabosi wawili na usingizi umepotea. Huo si udhaifu wako. Serikalini presha ni ya kusubiri: dokezo linalala masjala wiki nzima, lakini angalau unajua nani anasaini. Kwenye mradi, meneja anataka ripoti ya mfadhili leo, mkuu wa idara naye anataka takwimu zake leo hiyohiyo, na hakuna anayejua mwenzake kakupa nini. Mtafiti wa msongo wa kazi, Robert Karasek, alilieleza hili mwaka 1979: kinachommaliza mtu ni kazi nyingi huku hana sauti ya kuamua.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi waandikie wote wawili barua pepe moja: kazi zilizopo, saa ambazo kila moja itakula, kisha "naomba mkubaliane ipi itangulie". Usichague wewe! Watanuna kidogo mwanzoni, vumilia.

Na kama huna cheo cha umeneja, sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Ziada ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne. Anza kuandika saa zako leo.