Usiukimbie Mdomo wa "Not I"

Mara ya kwanza nilipoitazama "Not I", filamu fupi iliyotokana na tamthilia ya Samuel Beckett, niliizima kabla haijafika katikati. Niliitazama kwenye simu, taa zikiwaka, huku nikijibu ujumbe wa watu, na kilichokuwa mbele yangu ni mdomo mtupu wa mwanamke, usio na macho wala pua juu yake, ukimwaga maneno kwa kasi iliyolishinda sikio langu. Mate yalijikusanya kwenye pembe za midomo, ulimi ukichomoza na kurudi, nami nikapatwa na kichefuchefu cha kweli.

Nakusihi usiitazame hivyo. Filamu hii, ambayo BBC iliirekodi mwaka 1975 Billie Whitelaw akiwa mwigizaji, haifiki hata robo saa. Itazame gizani, kwenye kioo kikubwa, bila kuisimamisha, kisha uianze upya papo hapo. Mara ya kwanza utahangaika na mdomo. Mara ya pili utaanza kumsikia mtu: mwanamke wa miaka kama 70, aliyeishi karibu umri wake wote bila kusema neno, ambaye sasa maneno yanamtoka asiweze kuyazuia, lakini kila anapokaribia kukiri kwamba anajisimulia mwenyewe, anakataa kwa ukelele na kushikilia kwamba ni "yeye", si "mimi".

Halafu soma tamthilia yenyewe, maana hapo ndipo karaha ile inapoeleweka. Jukwaani, ilipoigizwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1972, mdomo ulikuwa kitone cha mwanga juu gizani, na upande mmoja alisimama Msikilizaji, aliyejifunika joho jeusi, ambaye baada ya mwanamke kukataa huinua mikono kwa huruma isiyo na msaada wowote, na kila mara mwendo wa mikono hiyo huzidi kufifia. Kamera imemwondoa Msikilizaji huyo, ikaukuza mdomo hadi ukajaza kioo kizima. Kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kumhurumia mwanamke yule isipokuwa wewe unayetazama, na kwa maoni yangu ndiyo sababu tunatamani sana kuizima.

Nilipoirudia baada ya kuisoma, karaha haikuniondoka, lakini aliposema "yeye" kwa ule ukelele wa mwisho, niligundua kwamba mkono wangu ulikuwa umeinuka kutoka pajani.