Kwa nini vali ya de Forest ilichelewa kukuza mawimbi?

Swali: Nimesoma kwamba mvumbuzi Mmarekani Lee de Forest alitia gridi ndani ya vali yake (balbu ya kioo inayoongoza mkondo wa umeme, kama zile za redio za zamani) mwaka 1906, na kwamba gridi ndiyo inayoiwezesha vali kukuza mawimbi. Ikiwa ndivyo, kwa nini vali za kukuza zilizotegemeka zilipatikana baada ya miaka 6 hivi?

Jibu: Kilichozuia ni gesi iliyosalia ndani ya kioo. Vali ya John Ambrose Fleming ya mwaka 1904 ilikuwa na filamenti (waya unaopashwa moto hadi utoe elektroni) na bamba la metali la kuzipokea tu, nayo ilipitisha umeme upande mmoja bila kuukuza. De Forest aliweka waya uliopindwapindwa, yaani gridi, katikati ya viwili hivyo, lakini balbu zake zilitengenezwa na fundi wa taa ndogo za magari mjini New York, aliyezinyonya hewa kama alivyozoea kunyonya za taa, na de Forest mwenyewe aliamini kwamba gesi iliyobaki ndiyo inayofanya kazi.

Hapo alikosea. Elektroni zinazotoka kwenye filamenti zinapoigonga gesi hiyo, huzaa ioni chanya (chembe za gesi zenye chaji chanya), ambazo hurudi nyuma na kuishambulia filamenti, huku nyingine zikiizingira gridi hadi ishindwe kuuongoza mkondo unaokwenda kwenye bamba. Fundi aliyepandisha volti za bamba ili apate sauti kubwa zaidi aliona mwanga wa buluu ukijaa ndani ya kioo, na papo hapo ukuzaji ukaharibika. Isitoshe, kiasi cha gesi kilibadilika kadiri balbu ilivyotumika, kwa hiyo hata vali mbili zilizotengenezwa siku moja hazikufanana tabia.

Mwaka 1912 de Forest aliwaonyesha wahandisi wa simu kifaa chake, na Harold Arnold wa kampuni ya Western Electric akatambua kwamba dawa ni kuiondoa gesi kabisa. Irving Langmuir wa kampuni ya General Electric alifikia jambo hilohilo kwa njia yake. Kuwasha pampu bora hakukutosha, kwa sababu kioo na metali hushika gesi ndani yake kama sifongo inavyoshika maji. Ilibidi balbu iokwe kwenye tanuri, na bamba lipashwe hadi liwe jekundu, pampu ikiendelea kuvuta. Kufikia Januari 1915, vali za namna hiyo zilikuwa zikikuza mazungumzo ya simu kati ya New York na San Francisco. (Mwaka 1931 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ombwe hilo la Langmuir, yaani kuiondoa gesi yote, halikustahili hataza (haki ya mvumbuzi), uamuzi ambao mimi, niliyewahi kuhangaika na pampu, nauona mkali kidogo.)

Ukiwa na redio ya zamani, tazama ndani ya vali yake: ule mng'ao wa fedha kwenye kioo ni metali iliyochomwa humo makusudi ili imeze mabaki ya gesi. Ukigeuka mweupe, hewa imeshaingia na vali hiyo imekufa.